Programu za kumsaidia tabibu: Nani mwenye uamuzi wa mwisho?

Na Mwandishi Wetu

TABIBU wa zahanati ya kijiji katika nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, mkoani Kigoma, hufanya peke yake kazi ambayo katika hospitali kubwa ya mjini hugawanywa kwa watu wengi. Yeye ndiye humpokea mgonjwa, humsikiliza, humpima, humwandikia dawa na, inapobidi, huamua kama mgonjwa huyo apelekwe hospitali ya wilaya usiku huo huo au asubiri kuche. Daktari bingwa wa watoto hayupo chumba cha pili. Mara nyingi hata mwenzake wa kumwuliza hayupo.

Kwa sababu hiyo, wazo la kumpatia tabibu huyo programu ya simu au kompyuta inayomkumbusha maswali ya kuuliza, dalili za hatari na dawa inayofaa, limewavutia watafiti, wafadhili na serikali kwa muda mrefu. Tanzania ni miongoni mwa nchi za Afrika ambako zana hizo zimejaribiwa sana, tangu enzi za vikompyuta vidogo vya mkononi vya miaka ya 2000 hadi vishikwambi vya leo. Sasa programu zinazotumia akili mnemba nazo zimeingia katika vyumba vya matabibu Afrika Mashariki.

Mjadala wa wananchi kuhusu zana hizi huishia mara nyingi kwenye swali moja, kwamba mashine ina akili kiasi gani. Swali lililo gumu zaidi ni la mamlaka na dhamana. Programu ikisema hivi na tabibu akaona vile, nani asikilizwe? Na mgonjwa akidhurika, nani ataitwa kujieleza? Zana iliyosanifiwa bila kujibu maswali hayo huishia kufungiwa kabatini au, vibaya zaidi, hutumika kila siku na kumgeuza tabibu kuwa mtekelezaji wa amri ambazo lawama zake zitamwangukia yeye.

Makala haya yanaeleza zana hizi ni zipi, zimetoka wapi, na zinapaswa kutengenezwa vipi ili ziheshimu ujuzi wa tabibu na dhamana aliyobeba. Mkoa wa Kigoma, wenye wakazi 2,470,967 kwa mujibu wa Sensa ya mwaka 2022, una historia yake katika jambo hili.

Karatasi ilitangulia kompyuta

Zana ya kusaidia uamuzi wa tiba si lazima iwe na umeme. Mfano unaojulikana zaidi katika zahanati zetu ni mwongozo wa tiba jumuishi ya magonjwa ya watoto, maarufu kwa kifupi cha IMCI, uliotayarishwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) pamoja na UNICEF katika miaka ya 1990. Mwongozo huo humwongoza tabibu hatua kwa hatua. Kwanza anatafuta dalili za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na kupoteza fahamu. Kisha anahesabu pumzi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi miaka mitano, kiwango ni 40.

Utaratibu huo unaonekana mwepesi, lakini manufaa yake yalipimwa hapa hapa nchini. Utafiti uliofanyika katika wilaya za Morogoro na Rufiji, ukizilinganisha na Kilombero na Ulanga, na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2004, ulionyesha kuwa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa asilimia 13 katika wilaya zilizotumia mwongozo huo.

Tatizo la karatasi ni kwamba hufunguliwa mara chache. Tabibu mwenye foleni ndefu mlangoni hutegemea kumbukumbu, na kumbukumbu huchoka. Ndipo watafiti wakauingiza mwongozo huo katika kompyuta ya mkononi na kuujaribu vijijini nchini. Matokeo ya mwanzo yalitolewa mwaka 2008. Walieleza kwamba matabibu waliufuata mwongozo kwa ukamilifu zaidi, muda wa kumwona mgonjwa haukurefuka sana, na walijifunza kuutumia kwa haraka.

Katika wodi ya wazazi, zana ya aina hiyo ni patografu, ile chati ambayo mkunga huchora mwendo wa uchungu wa mama. Ilipata sura yake mwaka 1972, wakati R. H. Philpott na W. M. Castle, waliokuwa Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, walipoichorea mistari miwili: mstari wa tahadhari na, saa nne baadaye, mstari wa kuchukua hatua. Uchungu ukivuka mstari wa kwanza, mkunga wa zahanati anajua kwamba ni wakati wa kufikiria rufaa, kabla mambo hayajaharibika.

Patografu inastahili kuangaliwa kwa makini na kila anayetengeneza programu ya tiba. Chati hiyo haimwamuru mkunga kumpasua mama. Humwonyesha picha ya saa zilizopita, kisha humwachia yeye na daktari kuamua. Hata hivyo, mistari yenyewe ilikuja kuonekana kuwa migumu mno. Mwaka 2018 WHO ilitamka kwamba kipimo cha mlango wa uzazi kufunguka sentimita moja kila saa hakifai kutumiwa kama sheria kwa kila mama, na mwaka 2020 ilitoa chati mpya. Katika chati hiyo, dalili ikivuka kiwango, mhudumu anatakiwa kuandika tathmini yake na mpango wake baada ya kushauriana na mama mwenyewe. Yaani baada ya karibu nusu karne ya matumizi, chati ilirekebishwa ili fikra za mhudumu zionekane kwenye karatasi.

Kompyuta zilizojifanya mpiga ramli

Huko Ulaya na Marekani, majaribio ya kompyuta yalianza mapema. Mwaka 1972 Dk F. T. de Dombal na wenzake wa Leeds, Uingereza, walitangaza kwamba kompyuta yao ilitambua sababu ya maumivu makali ya tumbo kwa usahihi wa asilimia 91.8, wakati daktari mwandamizi kuliko wote katika timu alipata asilimia 79.6. Katika miaka hiyo hiyo, Chuo Kikuu cha Stanford kilitengeneza programu iliyoitwa MYCIN, kazi iliyoongozwa na Edward Shortliffe, ya kushauri kuhusu dawa za kuua bakteria kwa wagonjwa wenye maambukizi makali.

MYCIN haikuwahi kuingia katika tiba ya kila siku. Lakini iliacha wazo moja muhimu: daktari aliweza kuiuliza kwa nini inataka kujua jambo fulani, nayo ikamwonyesha kanuni inayoifuata. Ilitambulika tangu wakati huo kwamba mtaalamu hawezi kuukubali ushauri asioujua msingi wake.

Programu nyingi zilizofuata zililisahau hilo. Mwaka 1990 madaktari wawili wa Marekani, Randolph Miller na Fred Masarie, waliandika kwamba umefika wakati wa kuachana na mtindo wa kompyuta inayojifanya kuhani wa Kigiriki wa kale, ambaye watu walimwendea kupokea majibu. Msomaji wa Kiswahili anaweza kumfikiria mpiga ramli: mwenye shida huketi kimya, hujibu anachoulizwa, kisha hupewa jawabu asiloweza kulihoji. Katika mtindo huo, daktari huwa karani wa kuingiza taarifa na kusubiri. Wawili hao walisema ujuzi wa daktari, anayemwona na kumgusa mgonjwa, ndio uwe nguzo, na mashine ijazie pale tu anapohitaji.

Somo kutoka Kigoma

Kigoma inatoa ushahidi wa upande wa pili, kwamba ujuzi wa wahudumu waliopo, ukiaminiwa na kupewa nyenzo, huokoa maisha hata bila kompyuta. Katika Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, Dk Godfrey Mbaruku na wenzake walipitia kumbukumbu za vifo vya wazazi, wakatambua kasoro, kisha wakatekeleza hatua 22 ambazo nyingi zilitegemea rasilimali zilizokuwapo. Kati ya mwaka 1984 na 1991, vifo hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000. Taarifa hiyo, aliyoiandika pamoja na Staffan Bergström wa Sweden, ilichapishwa mwaka 1995.

Ushahidi mwingine unahusu nani hasa aitwe mtaalamu. Utafiti uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2009, ulichunguza upasuaji mkubwa wa uzazi 1,072. Asilimia 85 ya upasuaji huo ulifanywa na madaktari wasaidizi, yaani matabibu walioongezewa mafunzo, ambao hawakuwa na shahada ya udaktari. Hakukuwa na tofauti ya maana kati ya kazi yao na ya madaktari wenye shahada.

Matokeo hayo yanawahusu moja kwa moja wasanifu wa programu. Ni rahisi kwa mtu aliyeketi ofisini Dar es Salaam, Geneva au California kudhani kwamba tabibu wa Kibondo ni mtu wa kuelekezwa kila hatua kwa kuwa cheti chake ni kidogo. Takwimu za Mwanza na Kigoma zinasema vinginevyo. Ujuzi wa mikono na wa macho uliojengwa kwa miaka mingi ya kazi upo, na programu inayoupuuza inapoteza msaada mkubwa kuliko wote.

Wagonjwa nao wana maoni yao. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowauliza wanawake 1,203 wa Wilaya ya Kasulu wangependa kujifungulia katika kituo cha namna gani. Mambo mawili yalizidi mengine yote: mhudumu mwenye heshima kwa mgonjwa, na kuwapo kwa dawa na vifaa. Kwa hiyo programu inayomfanya tabibu akodolee macho kioo badala ya kumtazama mama aliyekaa mbele yake inaondoa kile ambacho wanawake wa Kasulu walikiweka juu ya orodha.

Homa moja, majibu mawili

Ili kuona ni wapi mashine na tabibu wanaweza kutofautiana, tuchukue homa ya mtoto, jambo la kila siku katika ukanda huo. Utafiti wa viashiria vya malaria wa mwaka 2017 uliuonyesha Mkoa wa Kigoma ukiongoza nchini kwa kiwango cha maambukizi kwa watoto wa chini ya miaka mitano, asilimia 24. Takribani mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na vimelea, awe na homa au asiwe nayo.

Programu iliyotengenezwa kwa haraka itakuwa na kanuni moja: kipimo cha haraka cha malaria kikionyesha vimelea, toa dawa ya malaria. Lakini tabibu mzoefu anajua mambo mawili zaidi. La kwanza, aina ya kipimo inayotumika sana hutafuta protini ya vimelea ambayo hubaki katika damu kwa wiki kadhaa hata baada ya mtoto kupona. La pili, mahali penye malaria nyingi, mtoto anaweza kuwa na vimelea lakini kinachomwua kikawa nimonia. Hivyo atamwuliza mama kama mtoto alitibiwa malaria wiki mbili zilizopita, atafunua kifua na kuhesabu pumzi, na huenda akaamua tofauti na mashine.

Kinyume chake pia hutokea. Tabibu aliyechoka, mwenye watoto 40 wa kuwaona, anaweza kuona kipimo kina vimelea akaridhika na kusahau kuhesabu pumzi. Hapo programu inayomkumbusha kwamba bado hajahesabu pumzi inaweza kuokoa maisha. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na kukumbushwa nako hakumpunguzii tabibu heshima. Msanifu anatakiwa kutengeneza zana inayofanya kazi ya pili bila kuharibu ya kwanza.

Kuna jambo la tatu ambalo mashine haliwezi kulijua isipoambiwa. Kasulu na Kibondo zimepokea wakimbizi kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa watu waliotoka Kongo, na Kambi ya Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Tabibu wa eneo hilo hukutana na mgonjwa anayezungumza Kiha, Kirundi au Kiswahili cha Kongo, na huijua safari aliyopitia. Kanuni zilizokokotolewa kutoka kwa wagonjwa wa mjini hazina taarifa hizo.

Majaribio yamesema nini

Nchini Tanzania, majaribio makubwa ya programu za homa ya watoto yamefanywa na watafiti wa hapa nchini wakishirikiana na wa Uswisi. Katika kliniki za Dar es Salaam, programu iitwayo ePOCT, iliyoambatana na vipimo vichache vya damu na kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni, ilijaribiwa kwa zaidi ya watoto 3,000. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kuwa waliopewa antibayotiki walikuwa asilimia 11.5, ikilinganishwa na 29.7 kwa programu ya awali, na watoto ambao hali yao haikutengemaa hadi siku ya saba walikuwa wachache zaidi.

Toleo lililofuata lilijaribiwa katika vituo 40 vya mikoa ya Morogoro na Mbeya kwa miezi 11. Katika vituo vilivyotumia programu, asilimia 23.2 ya watoto waliandikiwa antibayotiki; katika vituo vingine ilikuwa asilimia 70.1. Afya ya watoto siku ya saba haikutofautiana. Kwa nchi inayopambana na usugu wa vijidudu dhidi ya dawa, hayo si matokeo madogo. Ni vyema kufahamu kwamba programu hiyo ilimruhusu tabibu kukubali au kukataa ugonjwa uliopendekezwa na kuongeza ule aliouona mwenyewe.

Nchini Kenya, kliniki moja ya Eldoret ilijaribu njia nyepesi zaidi kwa watoto wenye virusi vya Ukimwi. Kompyuta ilichapisha kwenye karatasi muhtasari wa mgonjwa pamoja na vikumbusho vya kazi ambazo hazijafanyika, na karatasi ikawekwa mbele ya tabibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa kazi zilizokuwa zimechelewa zilikamilishwa kwa asilimia 68, dhidi ya 18 pale ambapo vikumbusho havikutolewa. Kwa vituo visivyo na umeme wa uhakika, mfano huo una maana kubwa. Miji ya Kasulu na Kibondo yenyewe ilitegemea majenereta ya dizeli kwa miaka mingi kabla ya kuunganishwa na Gridi ya Taifa.

Mwaka 2025 ikafuata zamu ya akili mnemba. Kampuni ya Penda Health ya Nairobi, ikishirikiana na OpenAI ya Marekani, ilitangaza matokeo ya programu iliyotumika katika kliniki 15 na kuhusisha mahudhurio 39,849 ya wagonjwa. Programu hiyo huangalia anachoandika tabibu na kutoa rangi kama za taa za barabarani. Kijani ni kimya, njano ni ushauri wa hiari, na nyekundu humtaka asome onyo kabla ya kuendelea, ingawa uamuzi hubaki wake. Makosa ya kutambua ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya tiba kwa asilimia 13. Hata hivyo, utafiti haukuonyesha tofauti iliyo wazi katika hali ya wagonjwa baadaye, na watengenezaji wenyewe walishiriki kuufanya. Watafiti walieleza pia kwamba manufaa yalikuja baada ya matabibu kufundishwa na kufuatiliwa kwa karibu. Kuiweka tu programu kwenye kompyuta hakukutosha.

Misingi ya usanifu unaoheshimu tabibu

Kutokana na uzoefu huo wa nusu karne, misingi kadhaa inajitokeza.

Kwanza, programu itaje sababu zake kwa lugha ambayo tabibu anaweza kuipima. Kusema “mpe rufaa” hakutoshi. Iseme “mpe rufaa kwa kuwa oksijeni iko chini na kifua kinabonyea anapovuta pumzi”. Tabibu akiona sababu ni sahihi atatenda haraka, na akiona kipimo cha oksijeni kilibanwa vibaya kwenye kidole cha mtoto anayehangaika, atapima upya.

Pili, tabibu aandike kwanza anavyofikiri, kisha ndipo aone mapendekezo ya mashine. Binadamu aliyekwisha kupewa jibu huacha kutafuta. Hatari ya kuiamini mashine kupita kiasi ni kubwa zaidi kwa kijana aliyetoka chuoni na kupangiwa kituo cha mbali, kwani ujuzi wake bado unajengeka na anaweza kuzeeka bila kuupata.

Tatu, kukataa pendekezo kuwe jambo la kawaida, linalofanyika kwa kugusa mara moja na kuandika sababu fupi. Sababu hizo zikikusanywa ni hazina. Matabibu wengi wa Kasulu wakikataa pendekezo lile lile kwa sababu ile ile, yaelekea kosa liko kwenye programu. Lakini iwapo orodha ya waliokataa itatumika kuwatisha au kuwapangia alama za utendaji, matabibu watajifunza kukubali kila kitu, na hazina hiyo itapotea.

Nne, maonyo yawe machache. Zana inayolia kwa kila jambo hufunzwa kupuuzwa, na siku ya hatari ya kweli hakuna atakayeisikia.

Tano, programu ijue kilichopo. Kupendekeza dawa ambayo haipo kwenye stoo, au rufaa ya usiku wakati mvua imekata barabara, kunamwacha tabibu na kumbukumbu ya maandishi inayoonyesha kwamba aliambiwa la kufanya na hakulifanya. Programu nzuri humwuliza kama rufaa inawezekana na, isipowezekana, humsaidia kupanga atakavyomtunza mgonjwa mpaka kuche.

Sita, isimwongezee maandishi. Mhudumu wa zahanati tayari anajaza madaftari ya MTUHA, na katika vituo vingi vya serikali kuna mfumo wa kompyuta wa GoTHOMIS. Zana mpya inayomtaka aandike yale yale mara ya tatu inamwibia muda wa mgonjwa.

Saba, matabibu watakaoitumia wahusike tangu siku ya kwanza. Kumwita tabibu mwishoni ili asifu kazi iliyokwisha kukamilika hakuwezi kuitwa kumshirikisha.

Dhamana haigawanyiki kirahisi

Kisheria, hali iko wazi kwa upande mmoja. Leseni ya kutibu hutolewa kwa mtu. Madaktari na wataalamu wa afya shirikishi wanasimamiwa na sheria ya mwaka 2017, na wauguzi na wakunga na sheria ya mwaka 2010. Tabibu hawezi kusimama mbele ya baraza la taaluma yake akajitetea kwamba kishikwambi ndicho kilichosema. WHO nayo, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu akili mnemba katika afya, iliweka uhuru wa binadamu wa kuamua kuwa wa kwanza kati ya kanuni sita.

Upande wa pili haujapata mkazo unaostahili. Iwapo dhamana yote ni ya tabibu, basi uwezo wa kuamua nao lazima uwe wake kwa vitendo. Haki haitendeki pale mtu anapobanwa na programu isiyompa nafasi ya kukataa, kisha akaadhibiwa kama aliyeamua kwa hiari yake. Watengenezaji nao wabebe sehemu yao: kanuni zilizomo ziandikwe zinatokana na mwongozo upi wa matibabu wa taifa na wa mwaka gani, mabadiliko yatangazwe, na kosa likigundulika liwafikie watumiaji wote mara moja. Halmashauri inayonunua nayo inawajibika kwa chaji, matengenezo na mafunzo.

Aidha, kumbukumbu za wagonjwa zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mgonjwa wa Kibondo, na hasa mkimbizi ambaye taarifa zake zinaweza kumletea madhara, ana haki ya kujua zinapelekwa wapi.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Zana hizi zitaendelea kuja, na nyingi zitaletwa na wafadhili zikiwa tayari zimefungashwa. Mganga Mkuu wa Wilaya, madiwani na wananchi wanaweza kuzipima kwa maswali machache. Je, imejaribiwa katika zahanati zenye wagonjwa na vifaa kama vyetu? Inaeleza sababu? Tabibu akiikataa, nini kinafuata, na nani anasoma sababu zake? Inafanya kazi mtandao na umeme vikikatika? Mradi ukiisha, nani atairekebisha miongozo ya taifa inapobadilika? Na ikikosea, nani ataitwa pamoja na tabibu?

Mwuzaji asiyeweza kujibu swali hilo la mwisho anaiuzia halmashauri mashauri ambayo yeye mwenyewe hayuko tayari kuyasimamia. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa hadi zahanati ya mbali Kasulu au Kibondo anastahili tabibu aliyekumbushwa vizuri, na ambaye bado ana ruhusa ya kufikiri.